Tumbo la Kuombewa

…bado wawili kabla hajanifikia, labda atachoka njiani, labda ataniombea kwa mbali, lakini Pasta Marcellin akiombea wenye mimba hushika, hubonyeza kabisa kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na mimi ndani ya gauni nina mto wa kochi, Bwana nisamehe, asubuhi kule nyumbani Observatory Emery aliukaza kwa kitenge akasema mke wangu unatembea kama askari, tukacheka, eish, tulicheka, na mtoto wetu yuko kule nyuma karibu na mlango, tumboni mwa Marthe, yai langu na mbegu ya mume wangu, jaji akakubali, daktari akapandikiza, kila kitu halali, isipokuwa huu uongo ambao ni wangu mwenyewe, kwa sababu ya mama mkwe Bukavu aliyeshamtafutia Emery mke mwingine na anataka picha za tumbo kwenye simu… sasa Pasta yuko kwa mke wa fundi cherehani, amina, amina… na Marthe ni mjane, mjane mwenye mimba, wazee wa kanisa walimwuliza ni ya nani akainamisha kichwa, wakamtoa kwenye kwaya, wakamkalisha benchi la waliotengwa, nami nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu, jioni akaniambia, “Yaya, dada yangu, usilie, mie nitanyamaza tu,” yeye ananibembeleza mimi! Mwanasheria alisema nchi hii ya ugenini kumlipa ni kosa, mnarudisha gharama tu, nauli, dawa, siku alizokosa saluni, nikamwona Emery akishusha pumzi, nami nilishusha, tulifurahi kwamba sheria imetufungia pochi, na Marthe alisema, “Sikuomba feza, Yaya, nilikuona unalia,” lakini wateja waliomkimbia tunawalipaje, wanawake hawa hawa wanaoimba, waliokuwa wakigombania zamu pale saluni Berea awasuke, leo wanasema mikono yake ina laana, wiki iliyopita ameniambia kodi ya chumba imemshinda, nikamjibu nini, nikamwambia alete risiti, risiti ya nini, ya aibu? Na bado namwonea wivu, ndiyo, mimi, akishika ubavu ghafla akicheka najua mtoto amecheza, huuchukua mkono wangu auweke pale, nami nikirudi nyumbani namchukia mpaka nalia, maana mtoto anaijua sauti yake, yangu haijui… “Maman Victorine, songea, usiogope, tulimungojea sana huyu mutoto,” ndiye yeye, amefika, mafuta yananukia viganjani, kanisa zima limenyanyua mikono kwa ajili yangu, na kule nyuma, juu ya bega la Pasta, namwona Marthe amefumba macho, viganja wazi mapajani, anaipokea sala hii kwa mbali, anampokelea mtoto wangu, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia, nauli nimelipa, dawa nimelipa, jina lake zuri nimelichukua bure, na akishajifungua mikono mitupu watasema amemuuza au amemtupa, nami nitakuwa nimekaa mbele na mtoto, nikipongezwa, hapana, mama mkwe aseme atakalo, Emery anikasirikie, hapana, naogopa, mkono wa Pasta unashuka, bado haujanigusa, nafungua mdomo, “Pasta, ngoja, mutoto iko kule nyuma na Marthe…”