Kijitabu Chini ya Bakuli

Kila uchaguzi majirani zangu huleta karatasi zao za kura mezani kwangu, maana hapa Oregon, Marekani, tunapiga kura kwa posta. Mimi huwa nimeshasoma kile kijitabu kinacholetwa kila nyumba, cha wagombea na hoja zote tunazopigia kura ya Ndiyo au Hapana, jalada hadi jalada. Nilifundisha miaka thelathini, na mpaka leo wananiita Mwalimu. Sifa hiyo niliipenda kupita kiasi, nakiri.

Mwaka huu sikukifungua. Kilikaa wiki tatu chini ya bakuli la matufaha.

"Mwalimu, hebu tupe majibu ya mtihani," alisema jirani yangu Dwight, huku akijikatia kipande cha pili cha pai. Mkewe Lorna akampiga kiwiko.

Ningesema tu, "Jamani, sijasoma." Maneno mawili. Lakini niliona haya, nikajitia kujua. Hakimu, chagueni huyu. Diwani, yule. Kwenye hoja ya kumi na nne nikaona neno "kodi", basi, sikuendelea.

"Hii hapana," nikasema. "Watatukamua mpaka lini?"

Verna, jirani yangu wa miaka themanini na moja, alinitazama. "Una hakika, Mwalimu?"

"Kabisa."

Akainama, akakijaza wino kiduara cha Hapana.

Hoja ilianguka kwa kura tatu. Mezani kwangu tulikuwa wanne. Fedha za kodi ile zilikuwa za basi dogo la wazee, linalompeleka Verna mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zimechoka. Mwisho wa mwezi basi litasimama. Nilisoma hayo gazetini, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi hiyohiyo nikagonga mlango wake.

"Verna, nitakuwa nakupeleka mimi. Kila safari. Na kuna jambo lingine. Kile kijitabu sikukisoma. Hata ukurasa mmoja."

Alivuta droo ya jikoni, akatoa kijitabu chake, akanifungulia penye hoja ya kumi na nne. Maneno "basi la wazee" alikuwa ameyapigia mstari kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wake unaotetemeka, ameandika: Ndiyo.

"Mimi nilikisoma," alisema. "Nikadhani wewe umeona kitu ambacho mimi sikukiona."