Bofya Kama Unatafuta Mtu

Kwa miaka sita Perlita Gumban alikuwa akitengeneza vidirisha vya kuwarukia watu usoni. Ndiyo kazi iliyomweka mjini Iloilo: kutunza tovuti ya kampuni ya meli ya Santa Verona, na kila wiki kubuni kidirisha kipya cha kumzuia mgeni asitoke. Ukiingia kutazama saa ya meli, kinaruka cha kwanza: "Karibu! Tuachie namba yako." Hujakaa sawa, kinaruka cha pili: "Watu kumi na wanne wanatazama safari hii sasa hivi!" Watu hao hawakuwapo. Perlita ndiye aliyewaandika, Jumanne moja baada ya chakula cha mchana. Ukitaka kuondoka kinaruka cha tatu, na kengele inalia.

Aliwahi kumwambia meneja wake, Arsenio Tupas, kwamba kuna njia nyingine: kidirisha kinachotulia mpaka mtu mwenyewe akibofye. Unaweka kitufe, unaeleza kilichomo ndani, anayekihitaji anakifungua.

"Na asipobofya?" Tupas akauliza.

"Basi alikuwa hakihitaji, bosi."

"Perlita, mimi nataka mtu wa kuwavuta watu shati, siyo wa kuwasubiri kibarazani."

Akaacha kubishana. Alikuwa na miaka arobaini na minane, macho yanawaka kila ifikapo saa nane, kiuno kinamsumbua, na nguvu za kubishana alishazimaliza siku nyingi.

Jumatatu ile mvua ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa. Safari mbili za kwenda kisiwa cha Cuyo zilikuwa zimefutwa kwa ajili ya dhoruba, watu wakalala gatini siku tatu, na Jumapili jioni hali ilipotulia kidogo, meli ikaondoka nao. Ilitakiwa kufika alfajiri. Saa tatu asubuhi ilikuwa haijafika, na redio yake haijibu. Saa nne habari ikatangazwa mjini, na simu zote za ofisi zikaanza kulia kwa pamoja.

Perlita alikuwa na kikombe cha kahawa ya pakiti mkononi alipofungua kompyuta. Siku za kawaida tovuti ilipata wageni mia mbili. Sasa walikuwa elfu tatu na wanaongezeka. Kampuni ilikuwa imebandika orodha ya abiria, majina mia moja arobaini na matatu, lakini aliyetaka kuiona kwa simu ilimbidi afunge kwanza vidirisha vitatu. Cha mwisho kiliuliza, "Umefurahishwa na huduma zetu?" na chini yake nyota tano za kuchagua.

Mtu mmoja alikuwa ametoa nyota moja na kuandika: "Naomba muondoe hivi vitu. Alama ya kufungia ni ndogo, kidole hakiipati. Nataka kuona kama mume wangu yumo. Teodora, Guimbal."

Perlita aliyasoma maneno yale mara mbili. Halafu akaweka kikombe chini, akaviendea vidirisha vyake kimoja kimoja, akavizima. Hakumwomba mtu ruhusa. Mahali pao akaweka kitufe kimoja tu, kikubwa kiasi cha kubofywa na kidole gumba kilicholowa: "Bofya kama unatafuta mtu." Aliyekibofya alifunguliwa nafasi tatu za kujaza: jina la anayetafutwa, jina lako, namba yako. Chini aliandika, "Tutakupigia sisi."

Kisha akamwita Rudring Salcedo, mkuu wa tiketi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa mwenye maradhi ya jongo. Rudring akaja akichechemea, akausoma ule ukurasa.

"Inday, umeandika tutawapigia. Nani huyo atakayepiga?"

"Mimi na wewe, Nong. Vuta kiti." Ndivyo walivyoitana siku zote: Inday, yaani dada mdogo, na Nong, yaani kaka mkubwa.

Hadi adhuhuri watu mia mbili na sitini walikuwa wamebofya. Rudring alitafuta jina kwenye orodha, Perlita akapiga simu. "Ndiyo mama, jina lake lipo. Hapana, bado hatujajua. Tutapiga tena." Akakata, akapiga nyingine. Baada ya simu thelathini sauti ilimkauka. Baada ya sitini alijikuta akisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, na akajionea aibu, lakini hakuwa na sauti nyingine.

Ilipofika zamu ya Teodora, Rudring alipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Dada, jina la Wilmar Sobrevega silioni," Perlita alisema. "Una hakika alipanda?"

"Kanitumia picha amekaa juu ya kamba! Kaniambia viti hakuna, yuko na wenzake nyuma huko. Halafu unaniuliza kama nina hakika?"

"Nisamehe, dada. Namwandika hapa."

Wilmar hakuwa peke yake. Wa pili alikuwa bibi mmoja aitwaye Consolacion Arbis, aliyetafutwa na binti yake. Wa tatu alikuwa fundi wa friji. Ilipogonga saa nane, Perlita alikuwa na karatasi yenye majina kumi na moja ya watu waliopanda meli na hawamo katika orodha ya meli. Aliwapigia tena ndugu zao wote kuhakikisha, jina baada ya jina. Alipogeuka, Rudring alikuwa ameinamia meza.

"Nong?"

"Ni mimi." Alisema bila kuinua kichwa. "Kompyuta ilishafunga, nafasi zimekwisha. Tupas akanipigia, chukua wachache, usiwaandike. Nami sikubisha, Inday, sitakudanganya. Kulikuwa na bibi kalala sakafuni siku tatu, mguu umemvimba kama gogo. Ningemwambia nini?"

"Anaitwa nani?"

"Sikuuliza. Hata jina la mmoja wao silijui. Leo ndiyo nayasoma hapa kwako."

Perlita akamsogezea kile kikombe cha kahawa, kilichokuwa kimepoa tangu asubuhi, naye akakinywa.

Saa tisa Tupas aliingia na mwavuli unaochuruzika maji, uso umekunjuka kwa furaha. Meli ilikuwa imepanda mwamba kilomita chache kabla ya Cuyo. Wavuvi walikuwa wamewashusha abiria kwa mitumbwi yao ya injini na kuwapeleka pwani, na sasa walikuwa wamekusanywa katika shule.

"Wamehesabiwa mia moja arobaini na watano!" alisema. "Wote, na chenji juu! Walinzi wa pwani wanarudisha boti zao. Andika tangazo, Perlita, weka na maua."

"Tulikuwa na mia moja arobaini na watatu wa orodha, bosi, na hawa kumi na mmoja. Jumla mia moja hamsini na wanne." Akamwonyesha karatasi. "Tisa wako wapi?"

Tupas aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye kidirisha."

"Kidirisha! Mtu yeyote anaweza kuandika jina lolote humo. Hata la mbuzi wake."

"Nimewapigia ndugu za wote kumi na mmoja. Hamna mbuzi."

"Kifunge. Ufute na hayo majina. Sikiliza, Perlita, nakwambia kwa wema: usipofuta, kesho usije."

Baadaye watu walimsifu Perlita kwa ujasiri, naye hakujua wanasema habari gani. Alichokisikia wakati ule kilikuwa uchovu tu, uchovu wa miaka sita ya watu kumi na wanne wasiokuwapo. Kutunga uongo mwingine kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo. Alikaa mikono mapajani, na kidirisha akakiacha wazi.

Rudring ndiye aliyenyanyua simu. Alibonyeza namba ya walinzi wa pwani polepole, akaichukua karatasi mbele ya Perlita, akaanza kuisoma. "Naitwa Rodrigo Salcedo, mkuu wa tiketi, Santa Verona. Hesabu tuliyowapa siyo sahihi. Naomba muandike. Wilmar Sobrevega. Consolacion Arbis." Tupas alisema, "Rudring! Rudring, mwenzangu!" lakini yule mzee aliendelea kusoma mpaka jina la mwisho, akataja na kwamba ni yeye aliyewapandisha. Tupas akatoka. Mwavuli wake aliusahau, ukabaki unadondosha maji sakafuni.

Boti zikarudishwa baharini. Jumanne saa sita mchana zikauona mtumbwi mmoja wa wavuvi, injini imekufa, umekwama kwenye kisiwa cha mawe kisicho na mti wala maji. Juu yake, pamoja na mwenye mtumbwi, kulikuwa na abiria tisa waliochukuliwa mwisho kutoka nyuma ya meli. Wanane walikuwa hai. Wilmar alikuwa amevunjika mguu, na alipopewa simu aongee na mkewe alilia badala ya kuongea. Wa tisa, bibi Consolacion, alikuwa amefariki alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa yule fundi wa friji.

Perlita alishika simu ampigie binti wa marehemu. Rudring akaizuia kwa kiganja.

"Hii niachie mimi."

"Nong, siyo lazima uwe wewe."

"Ulimwandikia kwamba tutampigia. Basi mimi ndiye wa kumpigia huyu."

Alikwenda nayo koridoni. Perlita alisikia sauti yake tu, si maneno.

Uchunguzi ulichukua miezi minne. Meli za kampuni zikafungwa gatini, Tupas akafikishwa mahakamani, na Rudring pia. Hakimu aliangalia umri wake na kukiri kwake, hakumfunga, lakini cheti cha kazi hakurudishiwa, na binti wa Consolacion alimwambia mbele ya watu kwamba hatamsamehe. Rudring aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa saa. Perlita alikaa bila kazi hadi Machi, alipochukuliwa na maabara moja ya kupimia damu huko Jaro.

Jumamosi hupita nyumbani kwa Rudring na batchoy, supu ya tambi, ya moto kwenye mfuko wa plastiki. Mzee huuliza, "Kazi vipi, Inday?" naye hujibu, "Ipo tu, Nong." Hula bila kusemezana sana. Akishashiba, Rudring hunyoosha mguu wenye jongo juu ya kigoda na kusinzia hapohapo, na Perlita huviosha vyombo taratibu, maji kidogo, asimwamshe.