Shingo ya Mayala

Jiwe lilimeguka ukutani mwa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, likampiga Mayala kisogoni. Wenzake walimvuta juu kwa kamba. Mkewe Apolonia, aliyekuwa akiuza chai pale machimboni, alimkuta ameketi chini, kakishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba akikiachia kitadondoka.

"Ameteguka tu," alisema Nkwabi, mwenye duara. "Mpakieni bodaboda, akakandwe nyumbani."

"Hapandi bodaboda!" Apolonia alifoka. "Mtu hata kugeuka hawezi, umrushe kwenye makorongo yale? Gari lako si lile pale?"

Nkwabi alisema gari lina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu. Apolonia akaenda kusimama mbele ya gari, akaapa halitoki mpaka mumewe awemo. Wachimbaji waliona haya. Walishusha viroba, wakamlaza Mayala chali juu ya ubao, khanga zimekunjwa na kubanwa huku na huku kichwani asitikisike.

Kutoka hospitali ya Geita alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza. Daktari Rebeka, bingwa wa mifupa, aliwaonyesha picha: pingili ya pili ya shingo imevunjika, ila mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo ilikuwa haijaguswa.

"Mngemleta kwa pikipiki, huenda angepooza mwili mzima, au asingefika kabisa," alisema. "Sitaipasua shingo yote. Nitatoboa tundu dogo hapa mbele, nipitishe skrubu huku naangalia kwenye eksirei, niunge mfupa."

Mayala alipozinduka baada ya upasuaji, alichezesha vidole vya miguu. Apolonia alilia kwa furaha.

Ndipo Nkwabi akaja na mfuko wa machungwa.

"Poleni, Mama Rhoda. Sasa, wakija wakaguzi wa madini, semeni alianguka na bodaboda. Wakifunga duara, wenzake watakula wapi?"

"Sawa, bosi," Mayala alinong'ona, kola ngumu ya hospitali imembana shingoni.

"Sawa nini, Baba Rhoda?" Apolonia aligeuka. "Bodaboda aliyotaka ikuue ndiyo leo isingiziwe? Nkwabi, wachimbaji walikwambia matimba, magogo yanayoshika ukuta ule, yameoza. Nilikuwepo, nakumiminia chai. Ukacheka! Chukua machungwa yako."

Mkaguzi alipofika, Apolonia alieleza yote. Mkaguzi akamgeukia mgonjwa. Mayala alikaza macho darini, akasema, "Ni jiwe, mzee. Duarani. Tulimwambia kuhusu matimba, akatuita waoga."

Duara lilifungwa. Mayala alipona, japo hakurudi kushuka chini. Baadhi ya wachimbaji waliacha kunywa chai ya Apolonia. Wengine hata salamu hawakuitika. Akahamishia jiko lake stendi.

"Wamenuna," Mayala alisema siku moja kwa unyonge.

"Wanune," Apolonia alijibu, akipuliza mkaa. "Mimi nimenuna kuliko wao."