Doa la Upande wa Kulia

Mwindaji mzee Korbinian alirudi kwenye kiwanda chetu cha darubini mara ya tatu wiki ile, kesho yake msimu wa kuwinda swala wa milimani unafunguliwa. Kiti hakukitaka. Alizunguka mbele ya dirisha langu la matengenezo mpaka nikamfokea.

"Mzee, utatutoboa sakafu!"

"Na wewe binti umenirudishia doa langu!"

Darubini yake ya macho mawili imenizidi umri. Nilishaifungua mara mbili, nikafuta vioo, nikabadilisha hata vilivyokuwa vizima. Bado anang'ang'ania kuna doa jeusi.

"Haya, tazama mlima ule. Lipo?"

"Lipo. Kulia."

Nikaipindua darubini juu chini, bomba la kulia likaja jicho la kushoto. Ndivyo tunavyowafanyia wabishi hapa.

"Sasa je? Limehamia kushoto?"

Alitazama kwa muda mrefu.

"Liko palepale. Kulia."

Alinirudishia darubini taratibu, akaketi.

"Basi na hili," aliuliza, akilifunika jicho la kulia kwa kiganja, "linapokelewa dirisha gani?"