Waini Kwenye Chupa ya Chai

Mellen alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona, ni ule unaoingia mpaka kwenye meno. Kutwa nzima yuko kiwandani, idara ya kupakia, vumbi la chai linamwingia puani, kooni, hata ndani ya nguo. Akipiga chafya jioni, leso inatoka na rangi ya majani makavu. Sasa mtu kama huyo, haki ya Mungu, unamwambiaje akifika nyumbani anywe chai?

Ndiyo maana alikunywa waini. Eeh, waini, na yeye Msabato, tena mwana-Dorkasi, wale akina mama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa na wafiwa. Usinitolee macho. Haikuwa ya kulewa. Ilikuwa ile nyekundu tamu ya pakiti, ya bei ya chini, inayouzwa supamaketi huko Kericho mjini. Kikombe kimoja yeye, kimoja mumewe Nyamweya, wameketi kando ya jiko la makaa, viatu vimevuliwa. Nyamweya kwa kawaida ukitaka neno kwake lazima ulivute kwa kamba. Lakini akishika hicho kikombe chake alimwuliza mkewe siku ilikuwaje, na akangoja jibu. Watoto, Dorine na wadogo zake, walikwisha kuondoka nyumbani, nyumba ya kampuni ni chumba kimoja na jikoni, na ile nusu saa ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa yao. Mellen aliiwazia tangu asubuhi akishona mifuko ya chai.

Kuificha lilikuwa wazo la Nyamweya mwenyewe. Majirani wa kambini wanajulikana, na pakiti ya waini ikionekana mezani, habari ingefika kanisani kabla ya jua kuchomoza.

"Tia kwenye chupa ya chai," alisema. "Nani atashuku chupa ya chai?"

Wakafanya hivyo mwaka mzima, na hakuna aliyeshuku.

Jumatano moja jioni mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati hata hodi hawakuisikia. Mlango ukafunguka, akaingia Nyabate, kiongozi wa Dorkasi, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Alikuwa amekuja kupanga chakula cha Sabato, maana siku hiyo Nyamweya angewekewa mikono awe mzee wa kanisa.

"Bwana asifiwe, mama Dorine. Hii baridi itaniua."

Kabla Mellen hajainuka, Nyabate alikwisha kuchukua kikombe rafuni na kufungua chupa. Na angelaumiwa kwa nini? Upande huu mgeni aliyelowa haombi chai. Chupa ikiwa mezani ni ya yeyote aliyeingia, anajimiminia, na kumzuia ni kumtukana. Hawa wawili walifikiria macho ya watu, hawakufikiria koo zao.

Nyabate akapiga funda. Akanusa kikombe.

"Mellen, hii ni nini?"

Mellen akamgeukia mumewe. Hapo ndipo alipoona Nyamweya hana kitu mkononi. Kikombe chake kilikuwa kimesukumwa mpaka upande wa Mellen, viwili vimekaa pamoja mbele yake.

"Ni waini, dada," Mellen akasema. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. "Sisi huwa—"

"Nimemkanya," Nyamweya akadakia. "Nimemkanya huyu mama mpaka nimechoka."

Wee! Ati amechoka, yeye! Mellen alihisi uso ukiwaka. Akamkazia macho, akingoja aseme hata nusu ya ukweli, hata kidogo tu. Nyamweya alikuwa anaangalia makaa.

Nyabate hakugomba. Ni mama mwema, na wema wake siku hiyo ndio uliochoma zaidi. Alipiga magoti vile vile akidondosha maji, akamshika Mellen mkono, akaomba Mungu amfungue dada yetu minyororo ya pombe na ampe mumewe subira. Amina ya Nyamweya ilisikika kuliko mvua. Kisha Nyabate akasema hatalitangaza jambo hilo, ila Mellen asihudumu Sabato hii, akae tu na wengine. Akajifunika leso kichwani, akaenda.

Mlango ulipofungwa, Nyamweya alivuta pumzi ndefu.

"Mama Dorine, nielewe. Ni mpaka niwekewe mikono tu. Wewe watakusamehe upesi. Mimi wangenifuta kabisa." Akasogeza kiti, akakichukua kikombe chake pale kilipokuwa, akanywa. "Haya, niambie. Kiwandani leo kulikuwaje?"

Mellen alikuwa na mengi ya kusema. Mashine ya kushona iliharibika mara mbili, msimamizi alimfokea mbele ya vijana, na mgongo ulikuwa unamuuma kuanzia asubuhi. Hakusema hata moja.

"Sasa umenuna?" Nyamweya akauliza. "Si ni waini tu, mama?"

"Waini ningeiacha hata jana," Mellen akasema. "Nilikuwa nakaa na wewe."

Akapanda kitandani na nguo zake za kazi, akageukia ukutani. Huko nje mvua ilikuwa imeanza kupungua na bado kulikuwa na mwanga. Baada ya kitambo Nyamweya akauliza ugali atasonga nani.