Kadi ya Baba Mkwe

Mimi si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu Corinne ameshausimulia mkasa huu mji wetu mzima wa Toledo, na akisimulia yeye, mjinga ni mimi.

Nina blogu ya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kubadilishana. Wasomaji wangu hawazidi arobaini, na karibu wote nawajua mpaka maradhi yao. Blogu ilipotimiza miaka mitatu, mwezi wa Mei 2010, nikatangaza shindano: kila msomaji aeleze kadi aliyobadilishana vibaya kuliko zote utotoni, na atakayenichekesha zaidi nitamtumia kadi ya mwaka wa kwanza ya mrusha mpira mmoja mwenye jina kubwa, haina hata kona iliyochakaa. Maoni yakaja sitini na moja. Ishirini na tano yalikuwa ya mtu mmoja aliyebadili jina kila saa, lakini kila jina likawa linalalamikia goti lilelile la kushoto.

Aliyeshinda ni Bi Dolores Vacek wa Omaha, dereva mstaafu wa basi la shule. Akiwa na miaka tisa alimtoa ndege wa kaka yake, yule wa njano anayeimba, akapewa kadi ya mchezaji aliyempendea masharubu. "Ndege alirudi nyumbani mwenyewe baada ya siku mbili," aliandika. "Mwenye masharubu aliuzwa timu nyingine, na kaka yangu ana kinyongo mpaka leo." Nilicheka kahawa ikanitokea puani.

Sasa, sisi watu wa kadi tuna adabu zetu. Kadi nzuri haisafiri peke yake. Unaitia kwenye plastiki ngumu, halafu unaibana katikati ya kadi mbili za hovyo, moja mbele, moja nyuma, ili wa posta wakikunja wakunje hizo. Kadi za hovyo ninazo maboksi kumi na moja chini ya ngazi. Lakini Jumatatu ile mgongo ulikuwa unaniuma, jamani, nani ainame? Mezani kulikuwa na kadi mbili zimelala kifudifudi. Nikazichukua, nikabana, nikafunga na utepe, nikapeleka posta. Nikarudi zangu kulala.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Corinne akaingia na fremu mpya kwapani.

"Lyle, ile kadi ya baba umeiweka wapi? Niliiacha hapa mezani wiki iliyopita niipime."

"Kadi gani?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

Baba yake, Mzee Delbert Hruska, alicheza ligi kuu siku arobaini na mbili tu, mwaka 1974. Wakamchapishia kadi moja, kisha wakamrudisha nyumbani, akauza mafriji mpaka akastaafu. Hapendi kuyazungumza. Ukimuuliza kazi aliyofanya maishani, anakwambia mafriji. Kadi yake ukiitaka utaipata kokote, na mwenye nayo atakushukuru kwa kumpunguzia mzigo. Lakini hii ya Corinne haikuwa na ndugu duniani. Mzee aliiandika kwa kalamu siku alipozaliwa Corinne, mwenyewe akiwa bado na jezi mwilini: "Kwa Corinne. Umezaliwa leo. Nimekosa mpira mara nne na sijali." Jumapili mzee angetimiza miaka sitini na mitano, na Corinne alitaka kumwonyesha kwamba miaka yote hiyo ameitunza.

"Ipo," nikasema. "Ipo mahali salama."

Mungu anisamehe. Nikajifungia chooni na simu, nikampigia Bi Dolores.

"Mshindi anaongea!" akaitikia.

"Mama, zile kadi mbili za pembeni, zilizobana zawadi. Unazo?"

"Zile takataka? Moja nimeiweka chini ya mguu wa meza, inayumba. Nyingine nimeibana kwenye baiskeli."

"Baiskeli ya nani?"

"Yangu! Unadhani mtu wa miaka sitini na mitatu kazi yake ni kukaa kwenye kochi?"

Wote tumefanya hivyo utotoni: unaibana kadi kwa kibanio cha nguo, spoki zinaichapa, baiskeli inanguruma kama pikipiki. Lakini utotoni!

"Ina maandishi hiyo ya baiskeli?"

"Ina chorochoro. Nikajua ni mtoto."

"Itoe sasa hivi!"

"Hebu, hebu. Nimebeba watoto sabini kwa siku, miaka thelathini, sijafokewa. Leo nifokewe na mtu aliyejificha chooni? Nasikia maji yanavyodondoka."

"Samahani, mama." Nikamweleza yote.

"Maskini," akasema. "Naituma leo, kwa haraka. Ila nikwambie ukweli, nimekwenda nayo dukani, kanisani, na kwa dada yangu kule mlimani. Yule bwana ana sauti, si mchezo."

Jumamosi ikafika. Nikaifungua bahasha mbele ya Corinne, maana uongo ulikuwa umeshanichosha. Kona moja haipo. Kibanio kimeng'ata kofia ya mzee, na shavu lote la kulia limechapwa likawa jeupe. Maandishi yalisomeka nusu. Corinne aliitazama muda mrefu.

"Mgongo," akasema.

"Ulikuwa unauma kweli."

"Usiniongeleshe, Lyle."

Akaitia kwenye fremu hivyohivyo. Usiku kucha nililala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

Jumapili tulichoma nyama uani. Mzee Delbert akafungua zawadi, akaisogeza karibu na pua.

"Kumbe ulikuwa nayo," akamwambia binti yake, taratibu. Kisha akakunja uso. "Nani amenitafuna?"

Corinne akanigeukia. Nikasema yote kwa pumzi moja: shindano, ndege wa njano, mgongo, Omaha. Nilikuwa nasubiri aniondoe kwenye ukoo.

"Ngoja, mkwe," akasema. "Mwanamke mzima. Amenibana kwenye gurudumu."

"Ndiyo, baba."

"Nililia?"

"Amesema una sauti, si mchezo. Umekwenda mpaka kanisani."

Mzee akakaa chini. Kwa muda akawa anasugua kioo cha fremu kwa kidole gumba.

"Mwaka ule," akasema, "watoto wa mtaa wetu walikuwa wanapita na baiskeli, mimi nipo kibarazani, nachungulia magurudumu. Timu nzima ilikuwa humo. Mpaka kocha! Mimi sikujiona hata siku moja. Nikasema basi, hata hapo sikupangwa."

Corinne akaanza kulia. Nami nililia, sioni haya.

Lakini mzee alikuwa ameshageuza fremu na anang'oa vibanio vya nyuma kwa uma wa nyama.

"Baba! Usithubutu! Hiyo ni yangu!"

"Ni yako, nani amebisha? Naazima tu."

Akaitoa kadi, akachomoa kibanio kwenye kamba ya nguo, soksi yangu ikaanguka majanini. Akapiga magoti kwa shida kando ya baiskeli ya Corinne, ile yenye kikapu, akabana, akapanda, akayumba, akanyooka. Trrrrrrr! Tukamkimbilia mpaka getini. Jirani aliyekuwa anamwagilia bustani aliduwaa, bomba likamwagia viatu vyake mwenyewe.

"Unasikia hiyo?" mzee akampigia kelele akipita, kofia imekwenda upande. "Ni mimi huyo! Ligi kuu, sabini na nne!"