Faili Isiyosalimia Watu

Athieng aliingia Lodwar Jumanne asubuhi na leptopu iliyofungwa kwa raba, flashi moja ikining'inia shingoni kama msalaba, na pasi ya siku tatu. Pasi ilisema Alhamisi awe amerudi kambini Kakuma. Haikusema kitu kuhusu Ijumaa, na Ijumaa ndiyo iliyomnyima usingizi wiki nzima.

Ijumaa saa nne asubuhi, chuo kikuu kimoja kingempigia kwa video. Dakika ishirini, maswali na majibu, basi. Ukikosekana nafasi ya masomo inaruka kwa mwingine, hakuna cha "mtandao ulisumbua". Na mtandao wenyewe ulikuwa unakatwa Alhamisi jioni! Rauta za zamani zinatolewa, mpya zinaingia, kuanzia Kainuk mpaka Lokiriama, mashine ishirini na nne. Ile mpya ya senta ya kompyuta ya Kakuma, ambako Athieng angepigiwa, ilikuwa imeshapigwa misumari ukutani, inang'aa, haijui kitu. Ilingoja faili ya kuiambia jina lake, iongee na nani, na nani asiingie.

Shida ni kwamba faili za zamani ziliandikwa kwa lugha ya kampuni moja, na mashine mpya zilitoka kampuni nyingine, na hizo kampuni hazisalimiani hata njiani. Mafundi wa Nairobi walikuwa wameomba miezi mitatu waziandike upya kwa mkono. Athieng, aliyejifunza mambo ya programu kwa simu ya kioo kilichopasuka, akichajia kwa kinyozi, alikuwa ameunda laibrari. Si ya vitabu. Ni kifurushi cha maagizo ambacho kompyuta inaazima. Unaipa faili ya zamani, inaisoma mstari kwa mstari, inakutemea ingine kwa lugha ya mashine mpya. Faili zote ishirini na nne, sekunde tisa.

Sekunde tisa! Ofisini Lodwar walimuuliza kama amemaliza ama ameharibu.

"Ejok, vizuri sana, msichana wangu," akasema Bwana Lochakapong, mkuu wa mitandao. Hakuamini kitu kilicho kwa skrini, kwa hivyo faili ya Lodwar ikachapishwa kwa karatasi. Akavaa miwani, akasoma. Akageuza karatasi, akatafuta nyuma.

"Mbona hii faili haisalimii watu?"

Athieng akadhani ni utani. Akacheka. Akacheka peke yake.

"Mkubwa, ile mistari tisini ya majina? Haina kazi. Laibrari yangu ikikuta maneno hayaamrishi mashine kitu, inayatupa."

"Inayatupa." Lochakapong akavua miwani polepole. "Madam Nakaale, umesikia? Huyu mtoto ametupa waheshimiwa."

Madam Nakaale, mwenye mhuri ambao bila huo faili haitoki ofisini, akafunga droo ya mhuri. Ufunguo akausukuma ndani ya blauzi, mahali ambapo hata polisi hawatafuti.

Lochakapong hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeumia. Kabla apewe kompyuta alikuwa MC wa sherehe miaka kumi na nne. Siku moja huko Kainuk, katika salamu za kufungua mkutano, alimruka mwenyekiti mmoja wa kamati ya maji. Mmoja tu! Mwezi haukuisha, akajikuta Lokiriama, miaka mitatu, anaandikisha mbuzi. Aliporudi akapewa mitandao, akaapa kwamba hakuna kitu kitafunguka mkononi mwake bila kusalimu. Tangu hapo fundi akifungua rauta yoyote, kwanza inammwagia Mheshimiwa fulani, mwenyekiti wa hiki, mlezi wa kile, baba wa wengi, mpaka waheshimiwa ishirini na tatu waishe. Ndiyo sasa unaweza kuuliza kwa nini intaneti imepotea.

"Warudishe," akasema.

"Mkubwa, mashine mpya haiwabebi. Mwisho wake mistari sita."

"Sita?" Nakaale akaguna. "Hiyo haimalizi hata vyeo vya mmoja."

"Basi tupunguze wengine..."

"Punguza. Anza wewe. Toa mmoja nikuone."

Athieng akapitisha kidole kwa orodha. "Huyu wa saba si alishakufa?"

"Huyo ndiye haguswi kabisa!" Lochakapong akaruka. "Aliye hai utamwomba msamaha. Huyo utampatia wapi?"

Jumatano wakaunda kamati. Kamati ikaomba chai, na chai ikaomba mandazi. Kufikia saa nane kamati ilikuwa imekubaliana kitu kimoja, kwamba itakutana tena Jumatatu.

Jumatatu! Athieng akaona ile video ya Ijumaa ikizima machoni mwake. Akasimama.

"Naomba kuuliza tu. Waheshimiwa ni ishirini na tatu, mashine ni ishirini na nne. Kwa nini wabanane? Kila mmoja apewe mashine yake. Asalimiwe peke yake, mistari yote sita. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho."

Lochakapong akarudisha andazi kwa sahani.

"Peke yake?"

"Peke yake, mkubwa."

"Kama ni yake?"

"Kama ni ya baba yake."

Hapo simu zikaanza. Waheshimiwa tisa walitaka mashine moja, ya Lodwar. Mwingine alipigiwa akaambiwa Lokiriama, akalia kwamba anafukuzwa, na Lochakapong, anayepajua vizuri, akamwambia kwa upole kwamba mtu huzoea. Marehemu akapewa Kataboi. Hakulalamika, na wote wakakubaliana alikuwa mtu mzuri sana.

Athieng akainama kwa leptopu, akaongezea laibrari yake sheria mpya, mheshimiwa mmoja kwa kila mashine. Hakuna laibrari ingine duniani yenye hiyo kitu. Alhamisi saa tano mhuri ukaanza, ko, ko, ko, karatasi baada ya karatasi, mpaka ishirini na tatu. Halafu ukanyamaza.

"Hii ya Kakuma haina mtu," akasema Nakaale.

"Si ipite tu hivyo, Madam? Nakuomba."

"Bila salamu? Haipiti. Na hakuna mheshimiwa aliitaka. Wamesema hiyo ni ya wakimbizi."

Gari la Kakuma lilikuwa linaondoka saa sita. Pasi ilikuwa inakufa jioni hiyo. Mdomo wa Athieng ukatangulia, akili ikaufuata mbio.

"Lakini sisi tuko na mheshimiwa wetu!"

"Nani huyo?" akauliza Lochakapong.

Nani kweli? Athieng akamfikiria mtu mmoja aliyemfaa maishani, na aliyekuja kichwani ni yule kinyozi Mkongo mwenye sola, aliyemchajia leptopu miaka miwili bila kumdai.

"Mheshimiwa Didace. Mlezi wa vijana. Mtoaji wa umeme, Kakuma Moja. Hakuna mwanaume pale ambaye hajakaa mbele yake akainamisha kichwa."

"Wote?"

"Hata polisi. Hata pasta."

Uso wa Lochakapong ukapauka. Alikuwa anaiona Lokiriama, na mbuzi wake. "Na miaka yote hii mimi sijawahi kumsalimia! Madam, ufunguo! Msichana, andika, andika nikiona!"

Ko.

Ijumaa asubuhi Odongo, fundi wa senta, alichunguza mhuri kwanza, halafu akafungua kabati. Flashi ikaingia. Saa nne kasoro dakika sita taa ikawa kijani, na Athieng akakaa mbele ya kamera, jasho likimtiririka hadi kwa kiwiko. Watu watatu wakatokea kwa skrini.

"Tumeona kazi uliyotutumia jana," akasema yule mama wa katikati. "Tuambie, ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi kugeuza?"

"Salamu," akasema Athieng.

Wakatazamana. Kabla hajaeleza, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Didace akaingia na suti ya zambarau, tai, na wembe bado mfukoni, anapunga kadi yenye mhuri.

"Dada Athieng! Pikipiki imetoka Lodwar na barua! Ati miye niko mgeni wa heshima siku ya kufungua mtandao, kiti cha mbele kabisa! Mungu wangu, umewaambia nini hawa batu?"

"Samahani, huyo ni nani?" akauliza mama wa kwa skrini.

Athieng akamtazama Didace, akaitazama na ile taa ya kijani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na saba.

"Huyo ni Mheshimiwa Didace. Hii mashine tunaongelea ni yake."

Didace akanyoosha tai, akainamia kamera mpaka akaijaza na kipara. "Bonjour na wote. Nawasalimia sana."

Na wale watatu, mmoja mmoja kwa zamu, wakamsalimia.

"Haya Athieng," akasema yule mama, akijifuta machozi ya kicheko. "Fungua hiyo laibrari. Tuanze na sheria ya mheshimiwa mmoja, mashine moja."